Mkono wa Kwanza: Sheria na Maadili ya Huduma ya Dharura katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Kigoma kuelekea Mwamgongo na Kagunga, na kusini kuelekea Sunuka, Buhingu na Kalya, mgonjwa mahututi hupita katika mikono mingi kabla ya kuguswa na mkono wa daktari. Hubebwa kwa machela au kwa kitanda cha kamba mpaka mwaloni, hulazwa katika mtumbwi wa injini, husafirishwa ziwani kwa saa kadhaa, na akishafika Kibirizi hutafutiwa gari la kumpandisha Hospitali ya Maweni. Njiani yumo mkunga, au tabibu wa zahanati, au mhudumu wa afya wa kijiji, yumo nahodha, wamo ndugu, na mara nyingi yumo mwinjilisti au mchungaji aliyeamshwa usiku kwa sababu tu ana simu au anafahamika kwa wenye mitumbwi.

Makala haya yakusudia kueleza yale ambayo sheria na maadili hudai kwa watu hao wanaomgusa mgonjwa kwanza. Katika nchi nyingine kazi hii ina watumishi wake waliosomea, wenye sare na magari yenye vifaa. Hapa petu taaluma ya tiba ya dharura ingali changa: idara ya kwanza ya namna yake katika hospitali ya taifa ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mafunzo ya madaktari bingwa wa fani hiyo yalianza wakati huohuo. Kwa hiyo tutatumia neno "mhudumu wa dharura" kwa mapana, tukimaanisha kila mtu aliyejitwika, kwa ajira au kwa hali halisi, kumwangalia mgonjwa tangu anapoanguka hadi anapokabidhiwa hospitali. Wanafunzi wetu wa theolojia watakaopangiwa sharika za mwambao watajikuta miongoni mwao, wapende wasipende.

Rai yetu ni kwamba sheria, ikisomwa sawasawa, haisimami kati ya mkono wa kwanza na mgonjwa. Husimama nyuma ya mkono huo na kuuliza ulifanyaje kazi yake. Kosa kubwa tunaloliona ni la kuihamisha kutoka nyuma na kuiweka mlangoni.

Fomu Namba 3

Miaka kadhaa iliyopita tulimsindikiza kijana mvuvi aliyekatwa panga mkononi katika ugomvi wa nyavu. Tulifika alfajiri katika kituo kimoja cha tiba ambacho hatutakitaja. Aliyekuwa zamu alimtazama, akauliza iko wapi PF3, yaani fomu namba 3 ya polisi. Ndugu wakaondoka kwenda kuitafuta. Damu ilikuwa imefungwa kwa khanga, nasi tuliketi kando yake kwa muda wa saa mbili na zaidi, tukiomba. Kijana alipona, ila vidole vitatu havikurudi kufanya kazi. Hatuandiki haya ili tumshitaki yule aliyekuwa zamu, kwa maana sisi wenyewe hatukumpinga hata kwa neno moja. Tuliamini kwamba ndivyo sheria inavyosema.

Sheria haisemi hivyo. Fomu hiyo ina sehemu inayojazwa na polisi na sehemu inayojazwa na mtabibu, ambaye hueleza majeraha aliyoyakuta, ukubwa wake, na kitu kinachoelekea kuwa kimeyasababisha. Kazi yake ni ushahidi. Kifungu cha 240 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 huruhusu taarifa ya mtabibu isomwe mahakamani, na humtaka hakimu amweleze mshitakiwa kwamba ana haki ya kutaka mwandishi wa taarifa hiyo aitwe aulizwe maswali. Maneno hayo yanaihusu mahakama. Hayawekwi kama lango la chumba cha tiba. Na juu yake ipo Katiba ya mwaka 1977, ambayo katika ibara ya 14 humpa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Mtabibu anayefunga mshipa kwanza, kisha akaandika vema alichokikuta, hajaharibu ushahidi wowote. Anayesubiri ndiye anayeuharibu, maana jeraha la saa tatu si jeraha la nusu saa.

Ndugu msomaji atakuwa amekwisha kufika mbele yetu katika Luka 10. Tumezoea kuhubiri kwamba kuhani na Mlawi walimpita yule aliyejeruhiwa kwa sababu torati iliwazuia kugusa maiti. Ni kweli kwamba Mambo ya Walawi 21 humkataza kuhani kujitia unajisi kwa ajili ya wafu wasio jamaa zake wa karibu. Walakini mtu yule hakuwa maiti, na Luka asema kuhani alikuwa akishuka, yaani akitoka Yerusalemu, zamu yake ya hekaluni nyuma yake. Zaidi ya hayo, walimu wa Kiyahudi wenyewe walifundisha, kama tusomavyo katika Mishna, kitabu cha Yoma, sura ya 8, kwamba hata shaka tu ya kuwa uhai umo hatarini huiondoa sabato. Torati basi haikuwa kizuizi. Kizuizi kilikuwa usomaji wa torati wa mtu aliyekwisha kuamua kupita upande wa pili. Mahubiri yanayowacheka Wayahudi kwa habari hii yangefaa yapite kwanza katika chumba cha mapokezi tulichokaa sisi.

Pwani mbili za ziwa moja

Je, sheria humlazimisha mtu kusaidia? Hapa ziwa letu latoa mfano wa ajabu kidogo. Tanzania ilirithi sheria ya kawaida ya Kiingereza, kwa tarehe ya mapokezi ya 22 Julai 1920, na mkondo huo haumlazimishi mpita njia kumwokoa mtu asiyemhusu. Wajibu huzaliwa na uhusiano: mzazi kwa mtoto, mlinzi kwa aliye chini ya ulinzi wake, mtumishi wa afya kwa mgonjwa aliyempokea. Dereva aliyehusika na ajali ana wajibu wake pia chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Ng'ambo, katika Kongo, sheria ya jinai ilifuata njia ya Wabelgiji, na huko kumwacha kwa makusudi mtu aliye hatarini, hali ukiweza kumsaidia bila kujihatarisha, ni kosa lenye adhabu. Mvuvi wa Kalemie na mvuvi wa Ujiji wakimpita mtu mmoja anayezama, wa kwanza aweza kushitakiwa, wa pili hapana.

Tungeonya hata hivyo kwamba uhuru huo wa pwani yetu hukoma mara mtu anapoanza kusaidia. Aliyempakia mgonjwa katika mtumbwi wake amemtoa katika mikono mingine iliyoweza kumsaidia. Akimshusha kijiji cha njiani kwa sababu upepo wa kusini umechafua ziwa na yeye amechoka, ameacha kuwa mpita njia tangu zamani.

Rehema na ustadi

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, humtaka kila anayejitwika kumtibu au kumpasua mwingine awe na ustadi wa kadiri na atumie uangalifu wa kadiri, isipokuwa katika hali ya lazima. Kifungu cha 230 humkinga na kosa la jinai mtu aliyepasua kwa nia njema, kwa uangalifu na ustadi wa kadiri, kwa faida ya mgonjwa, iwapo kufanya hivyo kulikuwa na maana kwa hali aliyokuwa nayo mgonjwa na kwa mazingira yote. Tuyapime maneno haya. Nia njema imo, lakini haiko peke yake. Uangalifu umo, ustadi umo, mazingira yamo. Na lile neno la "hali ya lazima" ndilo linalompa pumzi mwanakijiji: anayefunga jeraha kwa kitambaa safi kwa kuwa hakuna mwingine hapimwi kwa kipimo cha daktari wa upasuaji.

Tunasisitiza ustadi kwa sababu ndani ya kanisa ni rahisi kudhani kwamba huruma hutosha. Mnamo 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Waokoaji waliosikia watu wakigonga ndani ya meli iliyopinduka walitoboa bamba lake ili wawatoe; hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, nayo ikazidi kuzama. Hakuna awezaye kusema kwamba mikono ile ilikosa huruma.

Kwa upande wa pili, mkoa wa Kigoma umetoa ushahidi kwamba ustadi haukai katika vyeo vya juu tu. Kati ya mwaka 1984 na 1991 Dk. Godfrey Mbaruku na wenzake katika hospitali ya mkoa walichunguza vifo vya akina mama na kufanya marekebisho 22, mengi ya gharama ndogo, yaliyohusu wajibu wa watumishi, matumizi bora ya vifaa vilivyopo na mambo ya namna hiyo. Vifo vilishuka kutoka 933 kwa kila vizazi hai 100,000 hadi 186, kama ilivyochapishwa mwaka 1995. Baadaye, mwaka 2009, ulichapishwa utafiti uliofanyika katika mikoa ya Kigoma na Mwanza juu ya madaktari wasaidizi, ile kada ambayo Tanzania ilianza kuifundisha mwaka 1963. Hao ndio waliokuwa wakifanya sehemu kubwa mno ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya, na matokeo yao hayakuonekana kuwa mabaya kuliko ya madaktari wenye shahada.

Somo la kimaadili tulionalo hapa ni la mipaka. Daktari msaidizi alifundishwa upasuaji ule, akasimamiwa, akaruhusiwa. Leo Sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari na kada shirikishi za afya, na ile ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, huwataka wahudumu kusajiliwa na kukaa ndani ya kile walichosomea. Mhudumu wa boti anayejua kufunga jeraha, kumlaza mgonjwa kwa ubavu ili asipaliwe, na kumpa maji ya chumvi na sukari, ana hazina kubwa. Akianza kuchoma sindano za dawa alizonunua Mwanga sokoni kwa sababu wanakijiji wamezoea kumwita "dokta", huruma yake imekwisha kugeuka kuwa kitu kingine. Yule Msamaria naye, tukimtazama kwa makini, alitumia mafuta na divai, dawa za kila msafiri wa siku zile. Hakujaribu jambo asilolijua.

Ridhaa ya nani?

Jambo hili ni gumu vijijini kuliko wanavyodhani waandishi wa mijini. Kisheria mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayekubali au kukataa tiba ya mwili wake. Akiwa amezimia, mhudumu hufanya yale ya lazima kwa ajili ya kuokoa uhai, wala hangojei. Kimila, hata hivyo, mama aliyeshikwa na uchungu tangu jana hulala ndani huku baba mkwe, shemeji na wazee wakikaa kikao nje, wakisubiri mume aliyekwenda dagaa arudi. Mkunga aliyesema tangu jioni kwamba apelekwe Kigoma hujibiwa, "Subiri kidogo, mama, wazee wanaongea."

Hatupendi kuudharau ukoo. Ni ukoo huohuo utakaotoa wabebaji, nauli na damu. Lakini ridhaa ya ukoo haiwezi kuchukua nafasi ya ridhaa ya mgonjwa, na mchungaji aliyekaa katika kikao kile ana neno moja la kusema ambalo pengine hakuna mwingine awezaye kulisema bila kuonekana mkorofi: "Mama mwenyewe ameulizwa?" Tumeona mara mbili jinsi swali hilo, likiulizwa kwa upole na shikamoo zote zikiwa zimetangulia, linavyowainua watu vitini. Habari ya mtoto ni nyepesi zaidi kisheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 huhesabu matibabu, pamoja na chanjo, miongoni mwa mambo ambayo mzazi au mlezi ana wajibu kumpatia mtoto. Imani ya mzazi, hata ikiwa ya Kikristo na yenye maombi mengi, haimpi haki ya kumnyima.

Kagunga, Mei 2015

Baada ya machafuko ya kisiasa yaliyoanza Burundi mwezi Aprili 2015, maelfu kwa maelfu ya watu walivuka na kuteremka Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, kisichofikika kwa urahisi isipokuwa kwa maji au kwa miguu juu ya mlima. Katikati ya Mei makadirio yalikuwa ya watu 50,000 na zaidi katika ufuko ule mwembamba. Kipindupindu kikaingia. Hadi 22 Mei vilikuwa vimeripotiwa vifo 31, 29 vya wakimbizi na 2 vya wenyeji, na wagonjwa wapatao 3,000. Njia kuu ya kutoka ilikuwa MV Liemba, meli iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915 na wakati ule ina umri wa miaka mia, ambayo ilichukua watu kama 600 kwa safari moja kuwapeleka Kigoma; huko walipokewa katika uwanja wa michezo wa Lake Tanganyika na kisha kupelekwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Meli haikuweza kufunga ufukoni. Watu walipelekwa kwayo kwa mitumbwi.

Hebu tusimame ufukoni pale pamoja na mhudumu mmoja mwenye orodha mkononi. Nani apande leo? Wenye nguvu, ambao wataokoka safari? Wagonjwa, ambao huenda wakawaambukiza mia sita wengine katika meli moja? Wajawazito? Mama mwenye watoto wanne, mmoja wao akiharisha?

Elimu ya kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao ilitokea vitani. Larrey, mganga mkuu wa upasuaji wa majeshi ya Napoleon, alisisitiza kwamba aliyeumia zaidi atibiwe kwanza bila kujali cheo chake. Baadaye vita vikubwa vilileta fundi jingine: kuwaweka kando wale ambao hata wakitibiwa hawatapona, ili nguvu chache ziwaokoe wengi. Wanafunzi wetu hupenda kulijadili hilo kana kwamba ndilo pekee lililopo. Kipindupindu hata hivyo huligeuza. Mgonjwa aliyekauka, macho yamezama, mapigo ya mkononi hayasikiki, aonekana kuwa ndiye wa kuwekwa kando. Kumbe ndiye anayefufuka upesi kuliko wote akipewa maji ya mshipani. Mwongozo wa kimataifa ni mililita 100 kwa kila kilo ya uzito katika saa 3, yaani lita 5 kwa mtu wa kilo 50, na nusu saa ya kwanza ndiyo ya kasi. Wakitibiwa sawasawa hufa pungufu ya mmoja kati ya mia. Aliye na nafuu, awezaye kunywa, hunywa maji ya chumvi na sukari yaliyochanganywa kwa kipimo.

Hapo maadili hutegemea maarifa. Asiyejua haya ataweza, kwa moyo safi kabisa, kumkimbizia mgonjwa melini akafie njiani, ilhali angetibiwa palepale ufukoni na kupanda baada ya siku mbili akiwa mzima. Atamhesabu miongoni mwa wafu mtu anayehitaji lita tano za maji. Haraka ya kumsafirisha mgonjwa ni kishawishi kikubwa cha mhudumu wa dharura popote duniani, kwa sababu injini ikinguruma kila mtu huona kwamba kazi inafanyika.

Lipo jambo moja la neema katika habari ile ambalo halikuandikwa sana: Kiha na Kirundi hufahamiana. Mhudumu aliyezaliwa Kigoma Vijijini aliweza kumwuliza mgeni jina lake, anaumwa wapi, na kama anakubali kuchomwa sindano, wala hakuhitaji mkalimani. Ridhaa ilikuwa na lugha yake. Sisi Walutheri, ambao kupitia TCRS tumehudumia wakimbizi katika nchi hii tangu mwaka 1964, Katumba, Ulyankulu, Mishamo na kwingineko, tungepaswa kulipima jambo hili tunapochagua nani wa kumtuma wapi.

Swali la pili la Kagunga ni la mhudumu mwenyewe. Je, ana wajibu wa kubaki penye maradhi? Luther aliulizwa jambo hilo na Johann Hess wa Breslau, akamjibu mwaka 1527, wakati tauni ilipokuwa imeingia Wittenberg kwenyewe na chuo kikuu kimehamishiwa Jena. Yeye na Bugenhagen walibaki. Jibu lake halina kiburi cha mashujaa. Asema kwamba walio katika huduma, yaani wahubiri, watawala, waganga na watumishi wa wagonjwa, wamefungwa na wito wao, isipokuwa wakibaki wengine wa kutosha kuifanya kazi. Na kwamba hata asiye na huduma hufungwa na jirani ambaye hana mwingine. Asiyefungwa hivyo ana uhuru wa kuondoka bila kulaumiwa. Kisha awageukia wale wanaojifanya majasiri, wanaodharau dawa na kujichanganya ovyo, akiwahesabu kuwa wanamjaribu Mungu na kuhatarisha wengine. Afundisha watu watumie dawa, wafukize nyumba, waepuke mahali wasipohitajika.

Kwa mhudumu wa leo maana yake ni glavu, sabuni na maji ya klorini. Mwajiri anayemtuma mtu kuhudumia damu na matapishi bila glavu, kisha akamwita mwoga anaposita, amemdai wito huku akimnyima zana za wito huo. Na mhudumu aliye nazo, akakataa kuzivaa ili aonekane ana imani, Luther amekwisha kumjibu.

Siri

Kwa kifupi tuseme juu ya siri ya mgonjwa. Katiba hulinda faragha katika ibara ya 16. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 hulinda majibu ya kipimo. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, huhesabu habari za afya kuwa nyeti. Mtumbwi hauna pazia, na anayoyaona nahodha hayafutiki, lakini simu yake yaweza kubaki mfukoni. Picha za majeruhi husambaa Kigoma mjini kabla majeruhi mwenyewe hajafika. Nasi wachungaji tuna dhambi yetu ya pekee, ambayo huja katika vazi la maombi: "Tumkumbuke dada yetu fulani, aliyepelekwa Maweni juzi kwa ajili ya..." na usharika mzima husikia ugonjwa ambao mumewe alikuwa hajaambiwa.

Nani alipaye

Mwanzoni mwa mwaka 1869 David Livingstone, ambaye alikuwa tabibu kabla ya kuwa msafiri mashuhuri, alikuwa mahututi kwa ugonjwa wa mapafu ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Aliyemwokoa ni Mohamed Bogharib, mfanyabiashara Mwislamu wa pembe na watumwa. Alimwangalia kwa wema, akaamuru abebwe kwa kitanda siku hadi siku mpaka ufukoni, na kutoka huko akavushwa kwa mitumbwi hadi Ujiji, alikofika 14 Machi. Mmisionari aliyeupinga utumwa kwa kalamu yake yote alifikishwa salama kwa msafara wa muuza watumwa. Hatuna haki ya kuisafisha biashara ya Bogharib kwa sababu ya tendo lile, wala ya kulifuta tendo lile kwa sababu ya biashara yake. Ila tungependa wanafunzi wetu, wakiisoma habari hiyo, wawaulizie pia waliokuwa chini ya miti ya kile kitanda: walilipwa nini, na je, waliweza kukataa?

Swali hilo lingalipo. Msamaria alitoa dinari mbili, ujira wa siku mbili, akaahidi kulipa zaidi atakaporudi. Yaani alimkabidhi mgonjwa pamoja na gharama yake. Mpango wa m-mama, uliojaribiwa kwanza katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga na kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022, umelishika jambo hili vizuri: mtu hupiga namba 115 bila malipo, mhudumu aliyefundishwa hupima uzito wa hali ya mama au mtoto mchanga, na pasipo gari la wagonjwa huitwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu akishafikisha. Hisani ya dereva haikuachwa ikonde kwa njaa. Lakini mpango huo ni wa wazazi na wachanga. Mvuvi aliyekatwa panga, mtoto aliyepaliwa na mwiba wa mgebuka, mzee aliyepooza upande mmoja usiku, hao bado hutegemea petroli ya jirani, na petroli ya jirani ni usiku mmoja wa uvuvi wake.

Katika usharika mmoja wa mwambao tulioutembelea, baraza la wazee lilikuwa limekubaliana kuweka lita 40 za petroli nyumbani kwa mzee anayekaa karibu na mwalo, zinunuliwe kwa sadaka ya mavuno na zijazwe tena kila zinapotumika. Ubishi mrefu katika kikao ulikuwa juu ya kama zitolewe kwa wasio washarika, ambao katika kijiji kile ndio wengi, na juu ya nani athibitishe kwamba mgonjwa ni mgonjwa kweli. Tuliomba kuona muhtasari. Uliandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya risasi: mafuta yatolewe kwanza, jina la mgonjwa liandikwe mtumbwi ukisharudi.